Karatasi ya Ndege wa Uani

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia kisa cha asubuhi niliyoteremshwa kutoka juu ya paa la nyumba yetu kwa makelele, darubini ikining'inia shingoni, na kila nikikisimulia watu hucheka. Huwa nakomea hapo wanapocheka. Yaliyofuata saa chache baadaye sikuyasimulia, kwa sababu hayachekeshi na kwa sababu mkosaji ni mimi. Sasa nimekuwa mzee. Niliyemkosea yu hai, amenipa ruhusa kuyaandika, na sharti lake lilikuwa moja tu: nisijipunguzie.

Miaka ya sitini ilikuwa inakaribia kwisha. Tulikaa Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe iliyoshikana ukuta na majirani pande mbili, na katikati yake ua mdogo wenye kisima, mkomamanga mmoja, na makopo ya rihani na asumini ambayo mama aliyahamisha-hamisha kufuata jua. Babangu alikuwa fundi wa kanzu. Alikaa barazani tangu asubuhi akidarizi shingo za kanzu kwa mkono, na kila aliyepita alitoa salamu, naye akaulizwa hali ya watu wa nyumbani kwake mmoja baada ya mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa amefaulu mtihani wa shule ya msingi vizuri kuliko nilivyofaulu mimi wakati wangu, na baba alikuwa amemweka nyumbani.

Nataka kumtendea haki babangu. Hakuwa mtu mkali. Shule ya sekondari ya wasichana ilikuwa mbali na kwetu, watu wana maneno, na yeye aliogopa maneno kuliko alivyoogopa homa. Mama alimsihi, shangazi akamsihi, naye akajibu kwamba mama na shangazi hawana budi kusema mtoto wao ana akili.

"Aje mtu mwenye elimu yake," alisema siku moja barazani mbele ya wenzake, "asiye mamake wala nduguye, aniambie kichwa cha mtoto huyu ni cha kusoma. Akiniambia, namrejesha shule kesho yake."

Wenzake wakacheka. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya mlango ameshika sinia ya kahawa. Yeye hakucheka. Alilihifadhi neno lile kama mtu aliyeokota ufunguo na sasa anatafuta mlango wake.

Mlango wenyewe nililetewa mimi. Mwalimu wangu wa zamani wa sayansi, mtu wa Taita aliyekaa kisiwani hata akapenda viazi karai kutushinda sisi wenyeji, alikuwa na shughuli yake ya kila Januari. Alikuwa amesoma katika jarida kwamba katika nchi za baridi watu huchagua asubuhi moja ya kipindi cha theluji, kila mmoja akakaa katika bustani ya kwake kwa saa moja, akahesabu ndege. Jambo lile lilimwingia moyoni. Sisi theluji hatuna. Januari yetu ni kaskazi na jasho. Lakini yeye alisema huo ndio wakati wake hasa, kwa kuwa ndege wanaoikimbia baridi ya kule ndio hao wanaokuwa kwetu.

"Wao wanahesabu waliobaki," alikuwa akituambia darasani. "Sisi tunahesabu waliokuja."

Alikuwa na watu kama kumi. Karani wa benki, walimu wenzake, daktari wa meno wa Kihindi na mkewe, mzee mmoja wa Kizungu aliyekataa kurudi kwao. Wengi walikuwa na bustani Kizingo na Tudor, naye mwalimu mwenyewe alihesabu uwanjani Tononoka. Mji wa Kale haukuwa na mtu. Nilipokutana naye barabarani, wiki ya Idi, akaniuliza kama ningeweza. Daktari wa meno, aliyekuwa naye, akauliza Mji wa Kale kuna bustani gani.

"Kuna nyua," nikasema. "Na kuna mapaa."

Mwalimu alifurahi hata akanipa darubini yake mwenyewe, na karatasi iliyopigwa chapa, yenye safu ya ndege, safu ya idadi, na chini kabisa mstari wa jina la aliyehesabu. Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza, usiandike kila ndege apitaye, maana kunguru mmoja akipita mara kumi utaandika kunguru kumi. Andika wale wengi kabisa uliowaona kwa pamoja, mara moja. Ya pili, usipige kelele.

Jumapili ya kuhesabu, asubuhi, kwenye mahamri na mbaazi, nikaeleza kanuni hizo kwa sauti ya mtu aliyezitunga. Mama alisikiliza kwa adabu. Mdogo wangu aliuliza maswali.

"Na kama namsikia lakini simuoni?"

"Muandike."

"Na kama wawili wanajibizana, mmoja huku na mmoja kule?"

"Andika wawili," nikasema, ingawa sikujua.

Akatafuna kidogo. "Mwalimu wako huzisoma karatasi zote mwenyewe?"

"Huzisoma zote."

"Basi mimi nitahesabu uani, wewe hesabu juu. Na yangu umpe, umwambie ni yangu." Akaniangalia. "Umwambie, kaka. Ili aje aseme na baba."

Nikamwambia nitamwambia. Nilikuwa na mahamri mdomoni.

Hapa nieleze jambo ambalo mtu wa Mji wa Kale halihitaji kuelezwa. Mapaa ya nyumba zetu yanatazamana, na huko juu ndiko wanawake wanakoanika nguo, vichwa wazi, kwa kuwa ni kwao. Mwanamume akitaka kupanda, hata kama anaziba ufa au anarekebisha waya wa redio, husimama kwenye ngazi akapaza sauti: "Hodi juu! Jistirini!" Husubiri wanawake wa nyumba za jirani wajitande au washuke, ndipo apande. Nililijua hilo tangu nina miaka saba. Lakini asubuhi ile kichwani mwangu mlikuwa na kanuni moja tu, usipige kelele, ndege wataruka. Nikapanda ngazi polepole, viatu mkononi, kimya kama mwizi. Nilipofika juu nikainua darubini.

Nilimuona tetere. Alikuwa ametua kwenye kamba ya nguo ya nyumba ya pili. Akaruka, nikamfuata kwa darubini, nikaona kanga, kisha nikaona uso. Uso ulikuwa mkubwa, umejaa kioo chote, na mdomo wake ulikuwa unafunguka.

Alikuwa mama wa mahamri, jirani yetu aliyeuza mahamri dirishani kwake, na sauti yake ilizoea kuita wateja kutoka mtaa wa tatu.

"Jamani! Ndooni muone! Mtoto wa fundi kanzu atuchungulia!"

"Mama, nahesabu ndege!"

"Ndege? Ndege yuko wapi hapa? Mimi ni ndege?"

Kutoka paa jingine, ambalo hata sikuthubutu kulitazama, sauti ikasema: "Muulize amefika wangapi!"

"Tena na mitambo amekuja nayo! Zamani walichungulia kwa macho yao tu, masikini!"

Kicheko kikaenda paa kwa paa. Baba akaniita kutoka chini, neno moja: "Shuka." Nikashuka. Aliivua darubini shingoni mwangu, akaifungia ndani ya sanduku lake la vitambaa hadi saa ya kuirudisha kwa mwenyewe, akanishika mkono kunipeleka kuomba radhi nyumba ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Kila nyumba tulikaa barazani, tukaulizwa hali, tukaeleza, tukasamehewa, tukaletewa kahawa. Saa ya kuhesabu ndege ikapita hivyo. Nilikuwa nimemuona tetere mmoja.

Niliporudi nilimkuta mdogo wangu uani, ameketi penye kisima. Alikuwa amevipanga vikombe vya kahawa ukingoni, vile visivyo na mkono, na katika kila kimoja mlikuwa na punje za pojo. Kila kikombe kilikuwa ndege wa aina yake. Kunguru watano. Shomoro kumi na wawili. Tetere wanne. Chozi wawili kwenye asumini. Alionyesha jinsi alivyofanya: akiona kunguru watatu, punje tatu; baadaye akiona watano kwa pamoja, anaongeza mbili, si tano. Alikuwa ameielewa kanuni kuliko mimi niliyeisimulia. Kikombe cha mwisho kilikuwa na punje moja.

"Huyu ni mpangaji," akasema.

Mpangaji nilimjua kwa jina tu. Mama na mdogo wangu walikuwa wakimtaja kila mwaka, ndege mdogo wa kijivu ajaye na kaskazi na kuondoka masika yakikaribia. Mama alikuwa akilalamika kwamba mpangaji huyu hata salamu hatoi. Sikuwahi kumtazama.

Yote alikuwa ameyaandika kwa penseli kwenye ukurasa wa daftari, kwa mwandiko wake mzuri, na mbele ya mpangaji ameongeza: *hukaa tawi lile lile la mkomamanga, huruka kukamata nzi, hurudi pale pale*. Nikayanakili kwa wino kwenye karatasi ya mwalimu. Mstari wa jina niliuacha wazi. Nilikuwa na nia ya kuujaza sawasawa. Hilo naweza kuapa, ingawa nia yangu haikumsaidia mtu.

Alasiri ile ile tulikutana Kizingo, kwenye veranda ya daktari wa meno, kukabidhi karatasi. Kulikuwa na vikombe vyenye visahani na watu wenye kofia za jua. Daktari akaniuliza, "Paa lilikufaa?" Ningejibu kwamba nilifukuzwa kwa kuchungulia wanawake. Ningejibu hivyo wangecheka, ningecheka nao, kisha ningesema, aliyehesabu ni mdogo wangu. Njia ilikuwa fupi kiasi hicho. Nikajibu, "Lilinifaa sana."

Mwalimu alikuwa anasoma. Akafika kwa mpangaji, akasimama, akasoma tena.

"Hili nani ameliona? Kwamba hurudi tawi lile lile?"

"Mimi," nikasema.

"Na jina hujaandika."

Akanipa kalamu yake. Nikaandika jina langu.

Akaisoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya wote. Alisema kijana mwenye macho kama haya hafai kukaa bure, na kwamba maabara ya shule inatafuta mtu wa kutunza vyombo. Wiki iliyofuata nikaanza kazi. Kwa hiyo nilichochukua siku ile ni sifa ya mdogo wangu, na nafasi yake ya kuonwa, na juu yake nikapata kazi.

Jioni mdogo wangu alinifungulia mlango kabla sijabisha.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amesema atakuja."

Nimeufikiria uongo huo wa pili kuliko wa kwanza. Wa kwanza ulinitoka kwa aibu. Wa pili niliutoa kwa ukarimu, ili asihuzunike, na ndio uliomfanya angoje.

Alingoja. Kila siku baada ya sala ya alasiri alifagia baraza, akavisugua vile vikombe vya kahawa, akaviweka tayari kwenye sinia. Shule zikafunguliwa. Wasichana waliofaulu pamoja naye wakawa wanapita chini ya dirisha letu na sare zao mpya, naye akawatazama kupitia kwenye tundu za dirisha, kisha akaenda kufagia. Alifagia Januari yote na Februari. Masika yalipoanza akaacha. Hakuniuliza tena. Mimi nilikwenda kazini kila asubuhi, nikaosha chupa na mirija ya vioo, na kila asubuhi nilikuwa na nafasi ya kusema, maana mwalimu alikuwa chumba cha pili. Sina udhuru. Nilijiambia kwamba wakati umekwisha pita, na kila siku niliyojiambia hivyo nilikuwa naupitisha zaidi.

Desemba ilipofika mwalimu akaingia maabara nikiwa kwenye beseni.

"Januari hii nataka kuhesabu kwako," akasema. "Nimemfikiria sana yule ndege wa mkomamanga. Akitua, hupigapiga mbawa? Tawi lenyewe ni la juu au la chini?"

Nikafungua mdomo. Sikujua. Nilikuwa nimekaa nyumba moja na ndege yule maisha yangu yote, na nilikuwa sijui hata anatua tawi gani. Ningeweza kubahatisha. Nadhani ningebahatisha, ila alikuwa ananitazama kwa hamu ya kweli, kama mtu anayeuliza habari za rafiki.

"Si mimi niliyemuona," nikasema. "Ni mdogo wangu. Karatasi yote ni yake."

Nikamweleza paa, vikombe, pojo, ahadi ya baba, ufagio. Maji yalikuwa bado yanamwagika. Akanyoosha mkono akafunga bomba.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na shule?"

"Hajaenda."

Akavuta stuli, akakaa. "Basi nilimsifu mtu ambaye hakuwapo," akasema taratibu, "na aliyekuwapo alikuwa anafagia baraza akiningoja."

Nikamwambia kama anataka kunitoa kazini ana haki.

"Chupa unaosha vizuri. Kazi ni yako. Karatasi ndiyo si yako. Nenda kamwambie babako kwanza, kisha umwambie mwenyewe. Mimi nitakuja Jumapili ya kuhesabu, na nitaingia kwa hodi, si kama wewe."

Baba nilimkuta barazani. Nilimweleza nimesimama. Hakuinua macho kutoka kwenye darizi hadi nilipomaliza, kisha akaukata uzi kwa meno.

"Nilimuona akifagia," akasema. "Kila alasiri. Nilidhani anangoja posa. Hata nikaanza kufikiri nani atakuja kumposa. Kumbe alikuwa akimngoja mwalimu."

Nikangoja anikemee. Alisema tu, "Na lile neno langu nililisema kwa mzaha. Wawili tumemchezea." Akatunga uzi mwingine, na ilimchukua mara nyingi kulipata tundu la sindano.

Mdogo wangu alikuwa uani akichagua mchele. Nilipoanza tu akanikatiza.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu jioni ile. Uliponiambia atakuja ulikuwa waniangalia miguu."

"Mbona ukafagia?"

"Labda angekuja mwenyewe, bila wewe." Akatupa kokoto. "Na baraza lilikuwa chafu."

"Nisamehe."

"Mwalimu akija, tutaona." Halafu akaketi vizuri, na nikamuona anabadilika uso, kama mtu aliyekwisha kuyapanga mambo haya siku nyingi. "Mara hii usipande wewe. Wanaume hamna kazi juu ya paa. Kila nyumba ahesabu mwanamke wake, akianika nguo. Wao wako huko kila siku, ndege wamewazoea."

Akaenda nyumba kwa nyumba akiwafundisha kanuni. Aliwagawia pojo. Mama wa mahamri ndiye aliyemsumbua zaidi.

"Akipita mara tatu ni mara tatu nimemuona! Mbona niandike mmoja?"

"Kwa sababu ni yule yule, mama."

"Wajuaje? Umemuuliza jina?"

Jumapili ile mwalimu alifika mapema, akasimama mbali na mlango, akapiga hodi mara tatu. Baba akainuka kumlaki. Walisabahiana, wakaulizana hali za watu na za watu wa watu, wakakaa barazani pamoja. Mimi niliketi ngazini pembeni yao na karatasi, kazi yangu ikiwa kuandika ninachoambiwa. Juu yetu sauti zilianza kushuka.

"Kunguru saba! Na mmoja mwizi, kabeba hamri langu!"

"Huyo si wako, kapita kwangu kwanza! Na hamri analo bado!"

"Basi mwandikieni kila mtu nusu!"

Baba alikuwa akijizuia kucheka, akashindwa. Mwalimu alicheka hadi akajifuta macho, na akamwambia baba kwamba miaka yote hajapata kusikia hesabu hai namna ile. Ilikuwa kweli. Mapaa kumi na matatu yalihesabu asubuhi ile, na hakuna bustani ya Kizingo iliyotukaribia.

Saa ilipokwisha, mama na majirani wa kike waliokwisha kushuka kwetu wakaingia vyumbani, baba akatangulia akiita hodi, na mwalimu akakaribishwa uani. Mdogo wangu alikuwa amejitanda mtandio wake mweupe. Alimsalimu mwalimu kwa adabu, akainama, kisha mara moja akasema, "Usisimame hapo, mwalimu. Hapo ndipo anapopita."

Mwalimu akasogea haraka kama mwanafunzi.

Tukangoja. Ndege akaja, akatua tawi kavu la chini la mkomamanga, akatikisa bawa moja, kisha la pili.

"Hutikisa akitua," mdogo wangu akanong'ona. "La kulia kwanza, mara nyingi. Jana nilihesabu mara ishirini, kumi na nne lilikuwa la kulia."

Mwalimu aligeuka akamtazama yeye badala ya ndege.

"Unajua anatoka wapi?"

"Kaskazini. Wewe ulisema darasani, kaka aliniambia. Huko wanakohesabu kwenye baridi."

"Basi huko hawajamuona."

"Hawawezi," akasema. "Yuko kwangu."

Mwalimu akatoa mfukoni karatasi ya mwaka uliopita. Jina langu lilikuwa pale chini, kwa kalamu yake. Alimpa kalamu ile ile. Mdogo wangu akalikata jina langu kwa mstari mmoja ulionyooka, bila kulifuta, akaandika lake juu yake. Kisha mwalimu akamgeukia baba.

"Mzee, mimi si mamake. Wala si nduguye."

Baba akainamisha kichwa. Alijua kinachokuja.

"Kichwa hiki ni cha kusoma."

"Nilisema kesho yake," baba akajibu. "Kesho Jumatatu."

"Shule hazijafunguliwa, mzee. Zitafunguliwa wiki ya pili."

"Basi wiki ya pili. Lakini ijulikane kwamba mimi nilikuwa tayari kesho."

Kutoka chumbani mama alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakizuia. Mama wa mahamri, aliyekuwa naye, hakuzuia chochote.

Mwalimu alimjua mkuu wa shule ya wasichana. Akaandika barua, nafasi ikapatikana. Mdogo wangu alikaa darasani na watoto wadogo kwake kwa mwaka mmoja, nao wakampa jina la utani, Bibi. Alikuja kuwa mwalimu wa sayansi, akafundisha hadi kustaafu. Watu hunifariji kwa kuniambia kwamba mwisho ulikuwa mwema. Ulikuwa mwema, na mimi siku hizi nauona wema wake kila ninapomtembelea. Lakini mwaka ule ulikuwa wake, na mimi ndiye niliyeutumia. Nilipomsomea sehemu hii alisema, "Andika pia kwamba Bibi alikuwa wa kwanza darasani." Nimeandika.

Siku ya kufunguliwa shule aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Alipokuwa tayari, na sare yake ndani ya buibui, na baba yuko nje amevaa kanzu ya Idi ili amsindikize mwenyewe, aje aliye na maneno ayaseme mbele yake, alipita uani nilipokuwa nakunywa chai. Akaniwekea kikombe kimoja cha kahawa ukingoni mwa kisima, na konzi ya pojo.

"Leo mimi sipo," akasema. "Hesabu wewe. Na usidanganye."

Nikasikia nyayo zao zikiishia kichochoroni, na salamu za baba kwa kila aliyefungua dirisha. Nilikuwa na nusu saa kabla ya kazi. Nikakaa pale alipozoea kukaa yeye, si pale anapopita ndege. Kunguru walikuwa wanagombana juu ya paa. Sikuwahesabu.

Akaja. Alitua tawi kavu la chini, akatikisa bawa la kulia, kisha la kushoto. Akaruka ghafla, akakamata kitu nisichokiona, akarudi pale pale. Nikamtazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikatia punje moja kikombeni.